Kuhifadhi vitu vya kumbukumbu vya tamthilia za anga katika nyumba ya Mji Mkongwe

Mkaazi wa Malindi aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Ninakaa Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya mawe ya ukoo, na nimerithi kutoka kwa ami yangu, aliyekuwa baharia, kasha la vitu vya tamthilia za sayansi ya kubuni alizozipenda tangu ujana wake. Ndani yake mna chombo cha anga cha kuchezea, cha chuma, kilichotengenezwa na kampuni ya Dinky ya Uingereza, yaani Eagle Transporter nambari 359 ya tamthilia ya Space: 1999, bila ya boksi lake. Mna pia sanamu mbili za kampuni ya Mego za tamthilia ya Star Trek, Spock na Daktari McCoy, zenye nguo za kitambaa. Vitabu vya tamthilia ya Doctor Who vya kampuni ya Target, ambavyo kurasa zake zimeanza kufanya madoa ya hudhurungi. Na kaseti za video, nyengine za kununuliwa na nyengine alizozirikodi mwenyewe hapa Unguja kutoka kwenye televisheni.

Katika hizo zote, iliyonikaa moyoni ni Space: 1999, na mpaka leo sijaona chombo cha anga kilichosanifiwa vizuri kuliko Eagle ya msanifu wake Brian Johnson, kwa sababu kinaonekana kuwa kimeundwa na mafundi kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya kupendeza. Nataka kuuendeleza mkusanyiko huu, lakini fedha zangu ni za mshahara wa mwalimu wa skuli, na kuta za nyumba yetu wakati wa masika hutoka jasho.

Kwa hivyo nauliza mambo mawili. Kwanza, vitu hivi niviweke vipi ili visiharibike? Pili, ikiwa uwezo wangu mwaka huu ni wa kununua kitu kimoja tu, ninunue boksi la asili la Eagle, ambalo nimeliona likiuzwa Uingereza peke yake, au ninunue Eagle Freighter, yaani ile ya mizigo, nambari 360, ili nipate pea? Yapo pia maboksi yaliyochapishwa upya kwa bei ndogo sana, na sijui kama wakusanyaji wanaona ni aibu kuyatumia.

Mhifadhi wa Kilimani alijibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Mimi nitajibu la kwanza tu, kwa kuwa kazi yangu ni ya kuhifadhi karatasi.

Adui yako mkubwa ni ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo huvuta maji kutoka chini na kuyatoa kidogo kidogo pamoja na chumvi, hasa pale ambapo mafundi wa siku hizi wameupiga saruji juu na kuuziba usipumue. Kabati lisigusane na ukuta wa nje hata kidogo. Liache shibiri nzima nyuma yake, na liinue juu ya vigingi ili hewa ipite chini. Nunua kipimo kidogo cha unyevu ukiweke ndani ya kabati, si chumbani. Unyevu wa karibu asilimia 50 ni mzuri kwa karatasi, na ukishapita asilimia 65 ukabaki hapo, koga hupata nguvu. Kwa hali ya hewa yetu hutaweza kuifikia 50 kwa kufungua madirisha; utaifikia ndani ya chombo kinachofunga vizuri, chenye vijifuko vya silika, zile chembe zinazonyonya unyevu, ambavyo unavikausha kila vinapolowa. Wapo wanaotumia mchele badala ya silika. Mchele huleta fukusi, na fukusi hawachagui.

Kiyoyozi sikushauri kukitegemea. Wenzetu waliokuwa na vyumba vya baridi waliona ilivyokuwa pale umeme ulipokosekana Unguja kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009: chumba kilichozoea baridi kikipashwa moto ghafla hujaa umande, na kupanda na kushuka huko kunaumiza karatasi na plastiki kuliko joto la wastani lisilobadilika.

Mambo mawili zaidi, ambayo hayamo katika miongozo ya Ulaya kwa sababu si desturi yao. La kwanza ni udi na ubani. Moshi wake ni wa utomvu, na hutua juu ya kila kitu kama utando mwembamba unaonata, kisha vumbi hushika hapo. Ukifukiza nyumba, funga kabati kwanza. La pili ni vile vidonge vyeupe vya nafutalini tunavyoweka kabatini kwa ajili ya nondo na mende. Visikaribie mkusanyiko wako kabisa. Mvuke wa nafutalini hulainisha plastiki ngumu ya aina ya polistirini, na hiyo ndiyo plastiki inayotumika sana katika vyombo vya kuunganisha kwa gundi na katika vijidirisha vinavyoangaza. Mende ni tatizo kweli, maana hutafuna gundi ya migongo ya vitabu, lakini chombo kinachofunga kinatosha kuwazuia.

Madoa ya vitabu vyako hayatoki, na usijaribu kuyatoa. Vikaushe, vifute kwa brashi laini ukiwa barazani, vipange vikiwa vimesimama wima bila ya kubanana.

Mpemba wa Wete alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu, na juu ya hayo nitasema jambo ambalo wakusanyaji wengi wa huku kwetu hawalitaki kulisikia. Kwa mtu anayekaa pwani ya Bahari ya Hindi, swali la kwanza kabla ya kununua kitu si kimetoka katika tamthilia gani, bali kimetengenezwa kwa kitu gani. Mkusanyaji wa London anaweza kuliweka boksi la kadibodi la mwaka 1975 sebuleni kwake na likaishi. Wewe wa Malindi, na mimi wa Wete, tunalinunua boksi hilo kwa bei ya juu kisha tunaanza siku hiyo hiyo kulipigania. Bei ya boksi tupu ni ya hali yake tu: ncha zilizonyooka, rangi isiyopauka, kifuniko kisichochanika. Masika mawili mabaya yakishaondoa hivyo, unabaki na karatasi.

Kwa hivyo jibu langu ni Freighter, na wala si kwa mapenzi. Mwili wake kwa sehemu kubwa ni aloi ya zinki, na zinki ikipakwa rangi vizuri inastahamili hewa yetu. Kuna ugonjwa wa aloi hiyo unaoufanya mwili kupasuka na kuvunjika wenyewe, unaotokana na risasi iliyochanganyika na zinki kiwandani, lakini huo uliwashika zaidi Dinky wa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wa miaka ya 1970 si wa kuogopwa sana. Cha kuangalia ni pini, skrubu na springi, kwa kuwa hizo ni chuma kinachoshika kutu, na kutu ikishaanza ndani huonekana nje ikiwa imechelewa.

Ukipelekewa picha na muuzaji, angalia mambo haya. Chini ya mwili pawe na jina la Dinky Toys na la nchi ya Uingereza, yaliyotoka pamoja na chuma katika kalibu, si yaliyobandikwa. Kisha tazama sehemu za plastiki, kwa sababu vidole vya miguu na sehemu za injini huvunjika mapema na vipo vipya vinavyotengenezwa na watu binafsi. Rangi yake huwa kali mno ukilinganisha na mwili uliokwishazeeka. Karatasi za kubandika pia huchapishwa upya. Hakuna dhambi katika hayo yote ikiwa muuzaji amesema, lakini bei lazima ishuke. Mapipa madogo ya taka za nyuklia yanayobebwa na Freighter ndiyo yanayopotea kwanza, na wauzaji wengi hukaa kimya mpaka uwaulize.

Wala usishtuke ukiona Eagle yako ni ya kijani. Katika tamthilia Eagle zilikuwa nyeupe, lakini Dinky waliipaka Transporter kijani kinachometa, kwa hikima wanayoijua wenyewe.

Kuhusu boksi la kuchapishwa upya, mimi ninalo na sina aibu nalo. Andika kwa penseli ndani ya kifuniko kuwa si la asili, ili atakayekurithi asije akamuuzia mtu kama la asili.

Binti wa Mlandege alijibu:

Mwalimu, naona kila mtu amezikimbilia Dinky na hakuna aliyezitazama kaseti, nami naamini ndizo zilizo adimu kuliko vyote ulivyovitaja.

Hizi za kununuliwa ziweke kando. Tamthilia zenyewe zimeshatolewa kwa diski, kuanzia vipindi 79 vya Star Trek ya kwanza hadi vipindi 48 vya Space: 1999, na kaseti yake ya dukani haina thamani ila ya jalada. Lakini kaseti alizozirikodi ami yako hapa Unguja ni jambo jengine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, wakati Bara hawakupata televisheni mpaka mwaka 1994, na mtu aliyeacha mashine yake ikirikodi tamthilia mara nyingi alirikodi pia sauti ya mtangazaji, taarifa ya kubadilishwa kwa ratiba, na tangazo la duka la Darajani. Vitu hivyo hakuna kiwanda kilichovitengeneza na hakuna mnada utakaokuuzia.

Tena usidharau kuwa kinachotafutwa na dunia kinaweza kuwa kimelala Afrika. BBC walifuta kanda nyingi za Doctor Who za miaka ya 1960 ili wazitumie tena, na baadaye vipindi vingi vilipatikana kwa sababu nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa nchi za nje. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi tisa vilivyokuwa vimepotea, vya hadithi mbili za zama za mwigizaji Patrick Troughton, vimepatikana Jos, Nigeria, katika kituo cha televisheni. Sisemi kuwa ami yako alikuwa na kitu cha namna hiyo. Nasema kasha lisomwe lote kabla ya kitu kutupwa.

Kabla ya kuingiza kaseti yoyote katika mashine, ifungue kile kifuniko cha mbele na uitazame kanda kwa tochi kupitia dirisha la juu. Ukiona unga mweupe au utando katika ukingo wa kanda, hiyo ni koga. Usiicheze. Koga itaingia katika vichwa vya mashine, na kutoka hapo itaambukiza kila kaseti utakayoiweka baada yake. Ipeleke kwa fundi anayejua kuisafisha, kisha ihamishwe katika diski kuu mara moja tu, kwa sababu kanda iliyozeeka inaweza isikupe nafasi ya pili.

Mkaazi wa Malindi alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimeukubali ushauri wa Freighter, na kaseti nimezitenga. Yamebaki mawili. Sehemu za chini za Eagle, pale rangi ilipobanduka, zina unga mweupe, na mama ameniambia niisugue kwa ndimu na chumvi kama tunavyosugua shaba za mlango. Halafu viatu vya Spock vimekuwa laini na vinanata mkononi, ilhali mguu wake mmoja unalegea.

Mpemba wa Wete alijibu:

Usimtii mama katika hili, kwa heshima zake zote. Ndimu inang'arisha shaba kwa sababu asidi yake hula ule weusi wa juu, lakini zinki yenyewe huliwa na asidi, na rangi iliyo pembeni itabanduka pamoja nayo. Unga huo mweupe ni zinki iliyokutana na unyevu na chumvi ya hewani. Uondoe kwa brashi laini kavu. Ukibaki, tumia pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji ya betri yasiyo na asidi, yale safi ya kuongezea, kisha ukaushe hapo hapo kwa feni. Usipake rangi juu yake.

Mzanzibari wa Muscat alijibu:

Kwa Spock: viatu hivyo ni plastiki laini ya PVC, na kinachonata ni mafuta yaliyotiwa kiwandani ili iwe laini, ambayo sasa yanatoka. Hayarudi ndani. Mfute kwa kitambaa kikavu, mvue viatu, na umweke mbali na plastiki ngumu, kwa kuwa mafuta hayo huiyeyusha plastiki inayogusana nayo. Usimfungie katika chombo kimoja na vitu vyengine. Kulegea kwa mguu ni kwa mpira wa ndani unaoshikilia viungo vya Mego. Mpira huo unabadilishwa, na wapo wanaouuza, lakini kwa sanamu iliyotoka miaka ya 1970 mimi ningeuacha mpaka ukatike wenyewe.

Kuhusu ununuzi, mwambie muuzaji wa Uingereza akipeleke chombo kwa jamaa aliyeko huko au huku Oman, na jamaa aje nacho mkononi. Freighter ni nzito kwa kimo chake na miguu yake ni myembamba. Katika mfuko wa posta hufika imekatika. Atakayekuja nayo awe na risiti yenye bei ya kweli, kwa sababu maafisa wa forodha hawajui Eagle ni nini, na chombo kizee kisicho na karatasi wanaweza kukikisia bei wanayoitaka.

Tena andika historia ya kasha lako sasa, ukiwa bado unao wanaoikumbuka: ami alinunua wapi, katika safari ya meli gani, nani alishuhudia. Ule mfano wa futi tatu wa chombo cha Enterprise uliotumika katika picha za kufungulia Star Trek ulipotea tangu miaka ya 1970 na ukaibuka ukiuzwa mtandaoni mwaka 2023, na haukurudi kwa mtoto wa Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, mpaka mwaka 2024, baada ya wataalamu kuuchunguza na kuthibitisha kuwa ndio wenyewe. Sisi hatuna wataalamu hao. Karatasi moja yenye tarehe na sahihi ya mama yako, iliyowekwa pamoja na Eagle, itafanya kazi yao.