Naomba ushauri: kuhamia kwenye kinanda chenye pedali

Tumsifu Yesu Kristo, wapiga kinanda wenzangu. Parokia yetu imepewa kinanda cha kanisa chenye safu 2 za mikono na pedali 32 (vibao vya kupigwa kwa miguu). Nimefurahi mno, maana nyimbo za kwaya zetu zinastahili besi yenye uzito ule. Shida ni kwamba nimekulia kwenye kinanda cha oktava 5, mkono wa kushoto ukibeba besi na teno (sauti mbili za chini) pamoja. Mguu ukishika besi, mkono nao unaifuata, hasa wimbo ukiwa na flati nyingi, yaani noti za kushushwa nusu toni (kitufe cha kuhamisha ufunguo, kinachopandisha au kushusha wimbo wote, kimetulemaza wengi). Nianze na miguu peke yake, au teno kwa mkono wa kushoto pamoja na pedali, bila mkono wa kulia? Na viatu mnavaa vya aina gani?