Naomba ushauri: sabufa inavuma sana sebuleni

Wakuu, habari za jioni. Sebule yangu ni ya kupanga, mita 4 kwa 3. Sabufa ni ya inchi 8, ina tundu la hewa nyuma, nimeiweka konani kando ya TV. Kwenye muvi raha tupu, ila nikipiga rumba besi inakuwa uji: gitaa la besi na ngoma hujui kipi ni kipi, na vikombe kabatini vinagongana. Mama mwenye nyumba yuko ukuta wa pili, ameshagonga mara mbili.

Nimeshusha kikomo cha juu cha masafa ya sauti ya sabufa (crossover) hadi hezi 80, nikaisogeza sentimita 40 kutoka ukutani. Nafuu kidogo tu. Swichi ya fezi (ya kulinganisha mawimbi ya sabufa na ya spika nyingine), nyuzi 0 na 180, sijaigusa. Kusema kweli naiogopa.

Niitoe kabisa konani, au niuze nichukue isiyo na tundu? Na hiyo swichi naipimaje kwa sikio?