Boila ndogo ya shaba: risasi inatosha?

Ngamiani54: Wakuu, nina bomba la shaba nyekundu, kipenyo 54 mm, unene 1.2 mm, urefu 150 mm. Nataka boila ya injini ndogo ya mvuke, shinikizo la bar 2 tu. Vifuniko niunge kwa risasi ya fundi redio?

Fundi_Chumbageni: Hapana kaka. Risasi hiyo huyeyuka karibu 183°C. Mvuke wa bar 2 una kama 134°C, ila maji yakipungua, shaba iliyo juu ya moto hupanda ghafla na kifuniko kinang'oka. Tumia vijiti vya kuungia vyenye fedha 45%. Vya fosforasi achana navyo, moshi wenye salfa huvila. Vifuniko viwe 2 mm, ukingo uukunje uingie ndani ya bomba, na fito ya shaba 5 mm ipite katikati ishike vyote viwili.

Raskazone: Vali ya usalama ifunguke bar 2. Kabla ya moto, jaza maji baridi pomoni, toa hewa yote, pampu hadi bar 4, subiri nusu saa. Usijaribu kwa hewa kabisa! Maji hayabanwi, kiungo kikiachia kinavuja tu, hewa inalipuka. Ukiwasha, jaza theluthi mbili, maji ya mvua. Ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, yataacha ukoko.