Ninarudi Mombasa baada ya miaka 11: tukae wapi?

Mgeni wa Zamani
Ndugu zangu, hamjambo. Nilifanya kazi Mombasa kwa miaka sita, nikaondoka mwaka 2014, na Agosti hii nitarudi kwa siku nne pamoja na mke wangu, ambaye anaujua mji huo kwa masimulizi yangu tu, na nadhani amekwisha kuyachoka. Enzi zangu nilipanda treni ya jioni Nairobi, nikalala, nikaamka nikiona minazi (kama haikuharibika njiani), kisha nikashuka katikati ya mji na kwenda kwa miguu hadi chumbani kwangu Kibokoni, Mji wa Kale. Je, treni ya sasa inafaa, au tupande basi? Na tukae Mji wa Kale au Nyali karibu na ufuo? Ninachokitamani hasa ni asubuhi za Mji wa Kale, ila naogopa kumpeleka mwenzangu kutazama kitu kilichobaki kichwani mwangu tu.

Abiria wa Kila Mwezi
Pandeni treni, lakini msahau habari ya kushuka mjini. Reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inaishia Miritini, nje ya kisiwa, na kutoka hapo mtahitaji usafiri mwingine hadi mjini. Ninawashauri mchague ile ya saa mbili asubuhi, ingawa inasimama vituo vingi, kwa sababu mtapita Tsavo mchana, na mkibahatika mtaona tembo wamejaa vumbi jekundu. Ile ya alasiri inawafikisha usiku, wakati madereva wa Miritini wanapanga bei watakavyo. Fikeni kituoni mapema pia: mizigo yote hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wainuse, na foleni hiyo haina haraka.

Mkaazi wa Ndia Kuu
Karibuni nyumbani. Kaeni Mji wa Kale, huku kwetu Ndia Kuu. Nyali mnaweza kwenda mchana mmoja mkarudi, lakini asubuhi unayoitamani haipatikani kwa mtu anayelala ng'ambo ya daraja, kwa kuwa mahamri hutoka mafutani baada ya swala ya alfajiri, na ukichelewa utakuta mbaazi za nazi zimebaki sufuriani bila mahamri ya kuzilia.

Mabadiliko yapo, sikufichi. Majengo mengi ya katikati ya mji yalipakwa rangi nyeupe na buluu mwaka 2018, na barabara ya Mama Ngina imetengenezwa upya, ingawa mibuyu ipo palepale na wauza mihogo pia. Kando ya Ngome ya Yesu umejengwa ukuta wa kuzuia mawimbi, maana bahari ilikuwa inakula msingi. Ngome yenyewe, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, msiipitie kwa haraka: mwonyeshe mkeo vitu vilivyoopolewa kutoka kwenye ile merikebu ya Kireno iliyozama mbele yake mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Jioni tokeni mkale viazi karai kwa ukwaju, kisha mkae barazani msubiri muuza kahawa na dele lake. Utamsikia akigonganisha vikombe kabla hujamwona. Jambo moja tu: Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa mpaka watu watoke msikitini, basi siku hiyo msipange kununua kitu mchana.

Mpwani Aliyehama
Mimi nilirudi mwaka juzi na nikakosea kwa kwenda kwanza kwenye nyumba niliyokuwa nimepanga. Mlango wa zamani wa mbao ulikuwa umeng'olewa na kuwekwa wa chuma, nami nikaharibikiwa na siku nzima kwa ajili ya mlango usio wangu. Chumba chako kiache hadi siku ya mwisho.

Mgeni wa Zamani
Ahsanteni sana. Tutapanda treni ya asubuhi siku ya Alhamisi, na malazi tutatafuta upande wa Ndia Kuu; Kibokoni nitapita Jumapili, tukiwa tayari tumefunga mizigo. Nimemsomea mke wangu majibu yenu yote, naye ameuliza kama dele ni chombo au ni jina la muuza kahawa. Nimemwambia asubiri barazani.