Chama chetu cha kijamaa kimepasuka vipande viwili, niende upande gani?

Mwana wa Mkonge:
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, ni mwanachama wa chama kimoja kidogo cha mrengo wa kushoto, jina lake naomba nisilitaje. Huu ni mwaka wa tisa nakitumikia. Nimezunguka Muheza, Korogwe mpaka Pangani kwa baiskeli na bodaboda nikizungumza na watu habari za mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa na haki za wakata mkonge.

Tangu mwezi uliopita hatuko kitu kimoja. Wazee wanataka tushirikiane na chama kikubwa kwenye uchaguzi ili tuachiwe majimbo mawili matatu. Vijana wanasema huko ni kukiuza chama. Wamejitoa na wanataka kusajili chama kipya. Mwenyekiti wa upande wa wazee ndiye aliyenilea kisiasa, Azimio la Arusha nililisomea barazani kwake. Kiongozi wa vijana nimesoma naye darasa moja. Silali. Naombeni ushauri, niende upande gani?

Mlima Usambara:
Pole sana mkuu. Siasa siijui, lakini mgawanyiko naujua. Kwaya yetu kule Lushoto iligawanyika kwa sababu ya kinanda. Kwaya mbili, kinanda kimoja. Waliobaki nacho hawakuwa na mpigaji, na mpigaji alikwenda na walioondoka. Mwaka mzima Jumapili tuliimba kwa makofi. Usikubali kuwa mpigaji wala kinanda.

Kiwembe Butu:
Hawa wajamaa ukiwaweka saba chumba kimoja, jioni wanatoka na vyama vitatu na gazeti. Acha hayo, njoo Mang'ola tulime vitunguu.

Kiti cha Mbao:
Kijana, anza kwa kumuomba Mungu. Aliyekulea usimwache uzeeni. Leo mwenyekiti, kesho utamwacha mzazi.

Msomaji wa Usiku:
Msimcheke. Jambo hili ni la zamani na lina uzito wake. Mwaka 1903 wanamapinduzi wa Urusi walifanya mkutano mkuu wa pili wa chama chao, wakauanzia Brussels na kuumalizia London. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya kipengele cha kwanza cha kanuni za chama: nani aitwe mwanachama? Lenin alitaka awe mtu anayefanya kazi ndani ya mojawapo ya vikundi vya chama. Mwenzake Martov akataka mlango uwe mpana zaidi. Kura zikapigwa, Martov akashinda 28 kwa 22. Baadaye wajumbe kadhaa waliomuunga mkono wakatoka nje ya mkutano kwa sababu nyingine, na upande wa Lenin ukapata wingi. Majina Bolshevik na Menshevik, yaani walio wengi na walio wachache, yalizaliwa hapo. Watu wachache waliondoka ukumbini, na historia ikageukia upande wa waliobaki vitini.

Dada Wakili:
Mwana wa Mkonge, nimesoma maelezo yako mara mbili. Mwanachama wa kawaida hakosi usingizi namna hii. Kama hakuna anayekugombania, chagua upande ulale. Kama wanakugombania, wanataka nini kwako? Una cheo gani?

Mwana wa Mkonge:
Dada, cheo si hoja. Nimeuliza habari ya msimamo.

Dada Wakili:
Narudia. Una cheo gani?

Mwana wa Mkonge:
Mimi ni katibu wa mkoa. Muhuri na daftari la wanachama viko kwangu. Lina majina 263, na namba za simu na za kadi za mpiga kura. Pande zote mbili wanalitaka. Ila naomba tusitoke kwenye mada.

Dada Wakili:
Hiyo ndiyo mada, mdogo wangu. Sheria ya Vyama vya Siasa inataka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Usajili wa muda una siku 180 tu. Hao vijana wako wanakimbizana na kalenda, na Tanga ni mmoja wa mikoa yao. Sasa piga hesabu: 263 hawagawanyiki wakatoka 200 mara mbili. Wakitaka kutimiza idadi kwa daftari lako, lazima wachukue zaidi ya robo tatu yao, hata wasiojua kwamba kuna mgogoro.

Mlima Usambara:
Kumbe kinanda ni yeye!

Jirani wa Kisumu:
Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Babu yangu alikuwa KPU, chama cha upinzani cha Kenya People's Union. Machi 1966, kwenye mkutano wa Limuru, chama tawala cha KANU kilifuta cheo cha makamu wa rais wa chama alichokuwa nacho Jaramogi Oginga Odinga, kikaweka makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa. Aprili Jaramogi akajiuzulu, akaongoza KPU. Waliomfuata walizungumzia ardhi kwa wasio na ardhi, kama ninyi na mkonge wenu. Serikali ikabadilisha sheria haraka, mbunge akihama chama arudi kwa wapiga kura. Kufikia uchaguzi mdogo wa Juni, KPU ilipata viti 9 tu. Oktoba 1969 ikapigwa marufuku. Babu aliificha kadi yake ndani ya mto wa kulalia. Nyanya aliikuta baada ya mazishi, akalia upya. Ndugu yangu, hao wakata mkonge waliokupa majina yao, uliwauliza?

Mzee wa Shangani:
Mwanangu, sikiza na mimi. Nilikuwa na miaka 13 mwaka 1963 hapa Unguja. Abdulrahman Babu alikuwa Katibu Mkuu wa Hizbu, yaani ZNP, na vijana wa siasa za kushoto ndio waliokuwa wakikiendesha chama kile, vyama vya wafanyakazi, vijana, magazeti. Alipotoka kifungoni mwaka ule akagombana na wakubwa wa chama, akatoka, wakaunda Umma Party. Nyumbani kwetu kaka yangu mkubwa akamfuata Babu, baba akabaki Hizbu. Sahani ya kaka ikawa inafunikwa kawa mpaka usiku, maana hawali pamoja tena. Mama hakupiga kura ya upande wowote, yeye kazi yake ilikuwa kufunika na kufunua kawa.

Uchaguzi wa Julai ulipita, Umma hawakusimamisha mtu. Mwanzoni mwa Januari 1964 chama kikapigwa marufuku, tarehe 12 yakaja Mapinduzi, na miezi haijapita Umma ikajivunja na kuingia ASP, chama cha Afro-Shirazi. Kaka akapata kazi, baba akapoteza yake. Kaka ndiye aliyemlisha baba mpaka alipokufa.

Na watu wachache wana uzito kuliko unavyodhani. Januari 1961 ASP walipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP, chama kidogo cha tatu, 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili kwa Hizbu na mmoja kwa ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika, tukarudi kwenye uchaguzi Juni na damu ikamwagika. Nchi nzima ilisimama kwa ajili ya watu watatu. Wewe una 263.

Mwana wa Mkonge:
Mzee wangu shikamoo. Nimekusoma, nimeshindwa kuendelea kula.

Daftari sikuliweka ofisini, nimelipeleka Muheza kwa mama yangu. Sijaiba. Ofisi ilibadilishwa kufuli bila mimi kuambiwa, nikaona nilihifadhi. Katibu asiyehifadhi kumbukumbu ni katibu gani? Na kwa kweli moyo wangu uko kwa vijana. Wazee tumewasubiri miaka tisa, kila uchaguzi tunaambiwa tuachie majimbo, na baada ya uchaguzi hakuna anayetaja mkonge. Kiongozi wa vijana amenizidi miaka kumi na moja lakini analala kwenye nyumba za wakata mkonge, anakula nao. Mimi naona wako sahihi.

Dada Wakili:
Basi umeshachagua. Kwa nini bado unatuuliza?

*(Mwana wa Mkonge hakujibu kwa saa nne.)*

Mwana wa Mkonge:
Nimeshajaza fomu zao. Majina 214 kutoka kwenye daftari, pamoja na namba za kadi. Kikao cha vijana kilikuwa na watu 31. Sehemu ya sahihi iko wazi, wanasema wataimaliza wenyewe kabla ya Ijumaa. Picha za fomu nimeshazituma kwa simu. Karatasi zenyewe ninazo mimi.

Sikuandika jina la uongo hata moja. Wote ni wanachama wetu halali. Ningewaita wangekuja, tatizo lilikuwa nauli.

Kiti cha Mbao:
Astaghfirullah.

Dada Wakili:
Soma polepole. Wanachama hao ni wa chama ulichokuwa katibu wake. Hicho kipya hawajajiunga. Atakayetia sahihi badala yao ameghushi, na wewe ndiye uliyemwandalia. Tena tangu Mei 2023 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba ya simu aliyokupa mtu kwa kazi moja huipeleki kwenye kazi nyingine bila ridhaa yake. Waandikie vijana leo hii, kwa maandishi, kwamba fomu zile zisitumike. Karatasi usimpe mtu.

Kiwembe Butu:
Wakuu, kabla hamjalia, naomba mnisikilize. Huyu mtu alianza kwa kusema kasoma darasa moja na kiongozi wa vijana. Leo anasema amezidiwa miaka kumi na moja. Darasa gani hilo? ID yake ina siku nne. Na hadithi imekaa vizuri mno, mwenyekiti mlezi, mama Muheza, daftari la siri. Mimi naona mambo mawili. Ama ni mtunzi anajaribu riwaya yake hapa, ama ni mtu wa upande mmojawapo anapima upepo.

Msomaji wa Usiku:
Hata mimi hiyo ya darasa ilinikwama.

Jirani wa Kisumu:
Kama ni ya kutunga, kadi ya babu nimeitoa bure.

Kiwembe Butu:
Kama ni kweli, tupia picha ya ukurasa mmoja wa daftari. Tukiona majina tutaamini.

Mzee wa Shangani:
Usithubutu! Usiweke hata jina moja. Sisi tuliona orodha za majina zilivyofanya kazi baada ya vyama kugombana. Mtu alikuwa na kadi tu, hajawahi hata kuhutubia, na kadi ile ikamfuata miaka kumi. Kiwembe, mwanangu, wewe ni mtu mwema lakini hapa umekosea.

Kiwembe Butu:
Nimekuelewa mzee. Naiondoa hoja ya picha. Shaka ninabaki nayo.

Mwana wa Mkonge:
Darasa lilikuwa la itikadi, la chama. Siku kumi na mbili, Korogwe, ndani ya godauni la zamani la mkonge. Tulikuwa watu wa rika zote, bibi mmoja alikuja na mjukuu mgongoni. Sisi wote tuliopita pale tunaitana wanadarasa. ID ni mpya kwa sababu ile ya zamani wanaijua pande zote mbili. Siweki picha. Usiponiamini, kaka, sina cha kufanya.

Baridi ya Leipzig:
Mimi naamini, na hata ikiwa ya kutunga mambo haya yapo. Huku Ujerumani Oktoba 2023 mwanasiasa Sahra Wagenknecht alitoka chama cha mrengo wa kushoto cha Die Linke na wabunge wengine tisa, wakaunda chama kipya. Kundi lao bungeni likavunjika Desemba. Wote tulidhani waliobaki wamekwisha. Februari 2025 waliobaki wakapata asilimia 8.8, na chama kipya kikakosa asilimia 5 za kuingia bungeni kwa kura zisizofika 10,000. Jirani yangu amekaa Die Linke tangu kijana. Kipindi kile alikuwa akibisha hodi mlango kwa mlango akiuliza watu kodi ya nyumba imepanda kiasi gani. Habari za mgawanyiko hakuzitaja kabisa.

Mlima Usambara:
Hilo la kubisha hodi nimelipenda. Na sisi kwaya tuliungana tena hivyohivyo, mama mmoja alipita nyumba kwa nyumba.

Kiti cha Mbao:
Lakini bado hajaambiwa aende upande gani.

Dada Wakili:
Hilo ataamua kwa kichwa chake. Hao 214 ndio hawana pa kuamulia, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Mwana wa Mkonge, simu unayo. Namba unazo.

*(Siku mbili baadaye)*

Mwana wa Mkonge:
Wakuu, nimerudi. Juzi niliwaandikia vijana wasizitumie fomu. Kiongozi wao alinijibu neno moja, "Msaliti." Mwenyekiti naye amesikia habari za fomu, sijui kwa nani, ameniita vivyo hivyo.

Jana nilikwenda Muheza. Mama alilifunga daftari ndani ya khanga na kuliweka chini ya gunia la mahindi. Nikakaa mwembeni nikaanza na namba 1, ni mjane, mumewe alikata mkonge miaka ishirini na mbili. Nikamweleza yote, vikao, wazee, vijana, fomu. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mimi sasa hivi niko chama gani?" Nikamwambia uko ulipokuwa, mama. Akasema basi yeye hajatoka, na kama kuna kikao nimtumie nauli mapema, safari iliyopita alikopa.

Mpaka jioni nimepiga simu 17. Tano hazipatikani. Wanne wanataka kwenda na vijana na wamesema watatia sahihi wenyewe. Sita wanabaki. Namba 9 na namba 14 walipokea watoto wao, wakaniambia wazazi wameshafariki, mmoja tangu mwaka juzi. Wote wawili nilikuwa nimewaandika kwenye fomu.

Mwenyekiti amepiga mara tatu tangu asubuhi, sijapokea. Naendelea na namba 18.