Naomba ushauri: stashahada ya kumbukumbu za afya au cheti cha Marekani?
Habari zenu ndugu wanajamvi. Niko Moshi, naandaa madai ya bima katika zahanati binafsi, ambako daktari huandika “presha” tu nami hulazimika kumfuata nimuulize kama ni I10 (shinikizo la juu la damu pekee) ya ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, au figo nazo zimeguswa, maana msimbo usiolingana na matibabu huweza kufanya dai likataliwe. Kazi yenyewe nimeipenda. Nasita kati ya stashahada ya kumbukumbu za afya hapa nchini na cheti cha uandishi wa misimbo ya tiba, CPC, cha AAPC (chama cha waandishi wa misimbo hiyo) ya Marekani, ambacho husomwa kwa intaneti lakini hudai umahiri wa misimbo ya CPT (ya huduma za tiba, itumikayo Marekani), ambayo sidhani kama mwajiri wa Arusha ataihitaji. Mliopitia njia hizi, nianze na ipi, ikizingatiwa kwamba ICD-11, toleo linalofuata ICD-10, ilianza rasmi mwaka 2022?