Ndugu yangu ameshikwa Ijumaa jioni, wanasema ni hadi Jumatatu. Hiyo ni sawa kisheria?

kaka_mkubwa77:
Hamjambo wadau, naomba msaada wa haraka kama kuna mtu anaelewa Katiba yetu ya 2010 hapa Kenya. Mdogo wangu alishikwa jana Ijumaa saa kumi jioni akitoka kazini na mpaka saa hii hakuna mtu ametuambia wazi kosa ni gani, mara ameiba simu, mara amenunua simu ya wizi. Nimeenda kituoni mara mbili, ya kwanza nikafukuzwa, leo asubuhi nikaruhusiwa kumwona dakika tano hivi ndio akaniambia wanamsukuma aandike stetimenti akubali kosa ndio atoke. Mimi najua ni masaa 24 lazima mtu afike kotini, sasa hawa wanasema Jumatatu. Na kuna askari ameniambia nilete elfu kumi ya bondi lakini risiti hakuna. Mama hajalala tangu jana. Asaini ama asisaini?

WakiliMtaani:
Pole kaka, na umpe mama pole pia. Asisaini. Hilo ndilo la kwanza, mengine tutaongea baadaye.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu akishikwa lazima aambiwe mara moja, kwa lugha anayoelewa, ameshikwa kwa nini, na aambiwe ana haki ya kunyamaza. Pia hawezi kulazimishwa kukiri. Halafu sheria ya ushahidi inasema kukiri kosa hakuna maana kotini isipokuwa mtu amekiri mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha inspekta kwenda juu ambaye si yule anayechunguza kesi, na hapo kwa polisi lazima awe na mtu wake aliyemchagua mwenyewe. Kwa hivyo hii ya "andika ukubali uende nyumbani" haina miguu, ila ukisaini utasumbuka sana kuikana baadaye. Ajibu tu kwa heshima, afande nitaongea nikiwa na wakili wangu. Jina lake na anakoishi anaweza kusema, hadithi ya simu hapana.

Sasa hayo masaa 24, hapa wengi huchanganyikiwa na nitakwambia ukweli hata kama hutaupenda. Katiba inasema masaa 24, lakini yakiisha wakati korti imefungwa basi ni hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ya ndugu yako yanaisha leo Jumamosi saa kumi, kwa hivyo Jumatatu bado wako ndani ya sheria. Ndio maana watu wengi hushikwa Ijumaa jioni na inaniuma sana kila nikiona. Lakini kungoja korti haimaanishi lazima alale ndani, OCS, yaani mkuu wa kituo, ana uwezo wa kumpa bondi hata leo kwa sababu kosa lenyewe si mauaji wala wizi wa mabavu.

Na bondi ya polisi ni bure!! Hulipi hata shilingi, unasaini tu kwamba atafika. Dhamana ya pesa taslimu ndiyo inalipwa, na hiyo lazima upewe risiti kwa sababu pesa inarudishwa kesi ikiisha. Hakuna risiti, usitoe.

Nyota_ya_Asubuhi:
Mimi nilisaini. Niliambiwa ni fomu ya kutoka, nilikuwa nimechoka, nilikuwa na mtoto ananyonya nyumbani, sikusoma. Kesi ilichukua karibu miaka miwili na ile karatasi ndio walikuwa wanapeperusha kila siku mpaka wakili akaipinga na hakimu akaitupa. Kaka mwambie huyo kijana hata wakimwahidi nini asiguse kalamu. Na umpelekee sweta, kule ni baridi.

jirani_mwema:
Haya yote ni mazuri kwa karatasi lakini ukiwa ndani nani anakusomea kifungu? Mimi nilikaa siku tano na hakuna kilichofanyika.

WakiliMtaani:
@jirani_mwema nakuelewa na sikupingi, siku tano ni makosa. Lakini haki lazima uifuate, haiji yenyewe. Kukaa zaidi ya muda peke yake mara nyingi hakufuti kesi, lakini unaweza kudai fidia. Kifungu cha 22 kinakuruhusu wewe au mtu mwingine kwa niaba yako kwenda Mahakama Kuu kuhusu haki iliyovunjwa, na kufungua hiyo kesi hakutozwi ada. Na ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, Kifungu cha 50 kinasema utupwe kama utafanya kesi isiwe ya haki. Andika tarehe na saa, uliza namba ya OB, yaani kile kitabu cha matukio cha kituo, na askari akikusumbua peleka malalamiko IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia polisi.

@kaka_mkubwa77 Jumatatu akisomewa mashtaka na haelewi aseme haelewi, mkalimani ni bure. Asikubali kosa eti yaishe haraka. Aombe dhamana, na wewe uwe pale na kitambulisho chako.

kaka_mkubwa77:
Narudi kuwapa habari. Nilienda nikaomba kuongea na OCS mwenyewe, nikamwomba namba ya OB na nikauliza hiyo elfu kumi itaandikwa kwa risiti gani, yule askari akaanza kusema sikumwelewa. Saa moja usiku ndugu yangu akatolewa kwa bondi bila pesa, afike kotini Jumatatu saa tatu. Hakusaini stetimenti. Sasa amelala, mama naye amelala. Natafuta wakili kesho, kama kuna mtu anajua wa bei nafuu anitumie ujumbe.